Kabla ya Nyundo, Nusa

Nekesa mama,

Salamu sitaandika nyingi, kwa sababu tuko chini ya mabati mamoja na afya yangu unaijua kuliko mimi mwenyewe. Ni ajabu kumwandikia barua mtu ambaye atakuja kula na wewe saa hii hii. Lakini tangu Jumapili mdomo wangu umefungana, na unanijua, mimi nikifungana nimefungana. Sasa wewe umeenda kuaga watu wa kwaya, na mimi nimebaki hapa kwa meza ya kazi. Mwandiko uuvumilie. Mimi nilijifunza kuandika nikiwa na ndevu, kwa darasa la gumbaru, na mwalimu alisema mbele ya watu wote kwamba hajawahi kuona mzee mwenye kichwa kama changu. Hakusema ni kichwa cha namna gani, lakini nilijua anamaanisha nini.

Mambo ya kuchemsha maji na neti ya mbu sitakuambia. Wewe ndiye nesi. Mambo ya wanaume pia nitayaacha, mama yako alikuambia kabla hajatuacha, na alijua zaidi kwa sababu alinivumilia mimi. Nitakuambia habari ya wembe. Hiyo ndiyo kitu najua. Kutoka Athi River mpaka Namanga, uliza mtu yeyote ni nani anaweza kufungua wembe wa kukunja uliokwama tangu enzi ya Mzungu. Utaletwa hapa Kitengela, kwa mlango wa bluu. Sijisifu. Nasema mambo vile yako.

Mara nyingi umesikia nikisema nilijifundisha hii kazi peke yangu. Hapo niliongeza chumvi kidogo. Kuna mama mmoja wa Bisil alinifundisha, na sikuwahi kukuambia kwa sababu alinifundisha mbele ya Baba Njeri.

Ulikuwa bado unavaa sare ya shule ya msingi. Kitengela ilikuwa barabara moja tu, punda wa maji, na yale matope meusi yanayokuvua kiatu katikati ya njia. Nilikuwa nanyoa watu kwa wembe, na wenye nyembe za baba zao walikuwa wananiletea nizifufue. Unajua vile wembe wa aina hiyo uko: chuma kinaingia kwa mpini wa pembe kama kisu cha mfukoni, na kinashikwa na pini moja tu. Hiyo pini ikikwama, wembe unabaki umelala ndani na hakuna kidole kinaweza kuutoa.

Basi siku hiyo Baba Njeri, huyu wa bucha, alikuwa kwa kiti na povu mpaka masikioni. Mama mmoja wa Kimasai akaingia, mrefu, shanga mpaka mabegani. Ng'oto Lemayian ndilo jina aliloitwa, yaani mama yake Lemayian.

"Takwenya," nikamsalimia.

"Iko," akaitikia, akaketi kwa benchi bila kuambiwa.

Akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na wembe wa marehemu mume wake, alioupata akiwa askari huko vita vya zamani. Ulikuwa umefungwa na haufunguki. Yule Lemayian alikuwa morani, na rika lake lilikuwa limefika wakati wa kunyolewa zile nywele ndefu. Kwao morani hanyolewi na kinyozi. Ananyolewa na mama yake mzazi, akiwa ameketi juu ya ngozi, kwa maji yaliyochanganywa na maziwa. Huyu mama alikuwa ameapa kwamba mtoto atanyolewa kwa wembe wa baba yake, na siku ilikuwa karibu sana.

Nikaugeuza kwa mwanga. Pale kwa pini kulikuwa kumekauka kitu chekundu, kigumu kama lami.

"Kutu," nikasema. "Hii ni kazi ndogo."

"Ndogo kweli?" akauliza.

"Mama, nitaufungua kabla chai ya huyu mtu haijapoa."

Baba Njeri akasema kutoka ndani ya povu, "Fundi, leo umepata mwenzako. Mgumu kwa mgumu."

Nekesa, hayo maneno yalinipanda kichwani kuliko pombe. Nikamimina mafuta ya taa. Ningengoja, lakini watu walikuwa wananiangalia. Nikashika kwa koleo, nikavuta. Ukakataa. Nikaweka msumari butu juu ya pini, nikapiga nyundo kidogo. Ukakataa. Nikapiga ile ya mwanaume.

Ta!

Mpini wa pembe ulipasuka kutoka kwa pini mpaka katikati. Chuma chenyewe hakikusogea hata unene wa nywele.

"Angalau umesikika," Baba Njeri akasema, lakini hakuna mtu alicheka.

Yule mama hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinyoosha mkono tu. "Leta."

Nikampa.

"Wewe naona nini hapa?"

"Kutu, mama."

"Kutu." Akauleta puani kwake, halafu akanisukumia mimi puani mpaka nikarudi nyuma. "Nusa."

Nikanusa. Nekesa, ulikuwa unanuka kondoo. Kondoo kabisa, kama sufuria ya mchuzi iliyolala bila kuoshwa.

"Hiyo ni mafuta ya kondoo na ile udongo nyekundu tunajipaka, olkaria," akasema. "Mzee yangu alikuwa nashika hii na mkono ya olkaria. Wewe mtu ya wapi?"

"Bungoma."

"Huko Bungoma, mtoto akikataa kunyonya, nyinyi napiga yeye nyundo?"

Sasa Baba Njeri alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni, akaanza kukohoa, na wale wa benchi wakamfuata. Nilisimama pale na nyundo mkononi. Kiburi chote nilichotoka nacho Bungoma kiliisha mlangoni mwangu mwenyewe.

Yule mama akaomba maji moto ya chai. Akachovya kitambaa, akauzungushia wembe, akauingiza ndani ya shuka, chini ya kwapa, akakaa. Akaanza kuongea habari ya mvua na vile majani ya upande wa Bisil yameisha. Hakuuangalia tena. Mimi nikamaliza kumnyoa Baba Njeri. Halafu katikati ya maneno, bila hata kunyamaza, akautoa na kuufungua kwa vidole viwili kama mtu anayefungua ganda la maharagwe. Kitambaa kilikuwa chekundu. Na chuma cha ndani, Nekesa, kilikuwa kinang'aa. Yale mafuta niliyoyapiga vita ndiyo yalikuwa yamekilinda miaka yote hiyo.

Nikamwambia nitamtengenezea mpini mpya. Akakataa. Akafungua kamba ndogo ya ngozi kutoka mkononi mwake, akafunga ule ufa, akajaribu kwa nywele za mkono wake mwenyewe. Ulikata. Akaenda zake. Sikumwona tena, lakini najua Lemayian alinyolewa kwa ule wembe, na mahali popote alipo amezeeka akijua kwamba fundi mmoja wa Kitengela alikaribia kumharibia siku yake.

Kuanzia hapo, wembe ukiletwa mimi nanusa kwanza. Umeniona nikifanya hivyo ukadhani ni mazoea ya uzee. Kutu ya kweli inanuka kama damu ya pua. Sabuni iliyoganda iko na harufu yake, hata baada ya miaka. Ukinusa unajua uanze na nini. Sabuni na mafuta vinataka joto. Kutu ya kweli haitaki joto wala nguvu. Inataka tone moja la oili ya cherehani pale kwa pini, uiache, ukasahau. Kesho tone lingine. Makali unayafunga na ngozi, kwa sababu wembe ukiamua kutoka, unatoka bila kupiga hodi. Halafu unausukuma kidogo sana, ule kidogo ambao mtu akiwa kando hawezi kuona, unaurudisha. Oili nyeusi itatoka. Unapangusa. Usiku unauacha upumzike. Kuna mmoja wa mzee wa Matasia niliuanza wakati wa kupanda mahindi na ulifunguka watu wakipalilia. Alikuwa ananipigia kelele kila akija. Siku alipoufungua mwenyewe alilia, kwa sababu ulitoa harufu ya tumbaku ya baba yake.

Na pahali watu wengi wanavunja si mwanzo. Ni pale unapoanza kusogea. Mtu akiona umesogea, roho inamwambia, vuta sasa. Hapo ndipo pembe inapasuka. Nimevunja nyingi hapo, hata baada ya kujua. Kujua na kungoja ni vitu viwili.

Sasa nije kwa ile siku yako. Ulikuwa umeanza ile kozi ya unesi, umerudi likizo, na duka lilikuwa limejaa. Ukasimama mlangoni ukasema kwa ile sauti yako ya kanisani, "Baba, wembe mmoja, kichwa kimoja. Kila mtu aje na wake."

"Nani amekuuliza?" nikasema.

"Hakuna. Lakini ugonjwa haungoji kuulizwa."

Baba Njeri alikuwa kwa kiti tena, nusu ya kichwa imenyolewa. Akaruka, akasema amekumbuka ameacha nyama kwa mizani, akaenda hivyo hivyo, upande mmoja msitu na mwingine uwanja. Mama yako alicheka mpaka akaketi chini. Mimi sikucheka. Nilikufukuza. Na watu walipoacha kuja, wakaanza kwenda kwa yule kijana wa mashine ya stima, nilikuambia umenitoa mkate mdomoni. Nimekuwa nikikuambia hivyo miaka yote, nikiwa na watu na nikiwa peke yangu.

Haikuwa kweli. Watu walikuwa wameanza kuogopa kabla hujafungua mdomo. Kila wiki tulikuwa tunazika. Nilikuwa nikisimama kaburini naangalia kichwa cha huyu na cha yule, vichwa nilivyovijua kila kovu, nikijiuliza. Sijui ni nani alitoa nini kwa wembe wa nani. Hiyo hakuna mtu atawahi kuniambia. Wewe ulikuwa sawa, na nilijua uko sawa siku hiyo hiyo, na ndiyo maana nilipiga kelele vile. Hiyo sentensi ya mwisho imenichukua muda mrefu kuiandika kuliko barua yote.

Tangu hapo sikumnyoa mtu. Nikabaki na kufungua zile nyembe za watu wanaoziweka kama ukumbusho.

Halafu Jumapili. Ulileta chakula, ukaketi, ukasema kazi imepatikana kwa zahanati moja huko Entarara, mbele ya Loitokitok, mlima uko pale pale kwa dirisha. Ulisema hiyo ya mlima ili nifurahi. Nilikusikia.

"Kwani Kitengela hakuna wagonjwa?" nikasema.

"Wako, Baba. Lakini nafasi imetoka huko."

"Sema tu umechoka na mzee."

Ukanyamaza. Ungejibu, tungegombana, yangeisha. Lakini ulinyamaza, na mimi nikaona dharau kwa hicho kimya. Nikasema, "Nenda basi. Na mimi sikusindikizi."

Unajua vile kwetu mtoto asiyesindikizwa anaonekana. Hata mgeni aliyekunywa chai mbaya unamtoa mpaka kwa njia, mnasimama, mnaanza stori upya, unamsukuma kidogo tena. Anayetoka peke yake alfajiri na sanduku kichwani, watu wanajua aidha ameiba ama amefukuzwa. Wewe ukaosha vyombo. Uliosha sufuria ile ya ugali muda mrefu sana, na mimi niliwasha redio.

Leo asubuhi ukiwa sokoni, mama wa kwaya, Mama Beatrice, alikuja na leso ya kukuaga. Akaniuliza kama nimenunua kuku wa leo jioni. Nikamwambia mimi simsindikizi mtu.

Akaniangalia. "Mzee, unajua hii kazi si ya kwanza huyu msichana kupata?"

"Kazi gani?"

"Alipata ya kwanza mwaka ule mama yake alizikwa. Akakataa. Akapata nyingine, akakataa. Tuliomba naye kanisani. Alisema hawezi kukuacha ukipika peke yako, utachoma nyumba. Hii ya tatu amekubali kwa sababu wamemwambia akikataa tena asirudi kuomba."

"Nani amekuuliza?" nikamwambia.

"Hakuna," akasema. "Lakini hata wewe hukumuuliza." Akaweka leso kwa kiti akaenda.

Nilikaa, Nekesa. Kulikuwa na wembe mbele yangu, wa watu wa Kiserian, na nilikuwa nimeushika tu. Nikakumbuka ile miaka. Vile ulikuwa unafanya zamu za usiku kwa ile kliniki ndogo ya hapa wanaokulipa wakikumbuka, unakuja asubuhi macho mekundu, unaniwekea chai. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mtoto wangu amekosa kazi nzuri. Nilikuwa nikiwaambia ukiwa umesimama hapo. Ulinyamaza na hapo pia.

Mimi fundi mkubwa. Nanusa chuma cha kila mtu mpaka Namanga. Kwa hiki kimya cha ndani ya nyumba yangu niliona rangi tu, nikasema kutu, nikaleta nyundo.

Wacha nikuambie kitu kingine, halafu nisiulizwe. Naogopa hii nyumba. Mimi niliyetoka Bungoma nikiwa kijana, nikalala chini ya lori Athi River, nikapigana na fisi kwa panga. Sawa, fisi alikuwa mmoja na alikuwa mzee, lakini ni fisi. Naogopa saa ile jua linaanguka nyuma ya milima ya Ngong na upepo unaanza kuvuta mabati, na hakuna mtu anayekohoa kule chumba kingine. Tangu mama yako aende, hiyo saa huwa nauliza kitu chochote. "Chumvi iko?" Sitaki chumvi. Nataka tu mtu aseme iko. Kesho kutwa nitauliza na ukuta hautajibu. Wiki hii ya kununa nilikuwa nafanya mazoezi, nikifikiri nikizoea kimya ukiwa bado hapa, ukienda sitasikia tofauti. Haikufanya kazi. Kimya cha mtu aliye ndani na kimya cha nyumba tupu havifanani hata kidogo.

Sikuandikii haya ndiyo ubaki. Ukibaki nitakufukuza, na unajua naweza. Huko Entarara kuna wakulima wa vitunguu na nyanya, wanasema wanaumwa kama watu wote, na wana bahati hawajui ni nani anawajia. Nenda. Utafika kwa mgonjwa ambaye haongei. Wenzako watasema ana kiburi, watasema hataki dawa. Mimi siwezi kukufundisha unesi. Lakini wewe umeishi na mtu kama huyo miaka yote na hukumpiga nyundo hata siku moja, kwa hivyo sina shaka na wewe.

Lile neno la Jumapili nalitoa. Sijawahi kutoa neno langu tangu nizaliwe, mama yako angekuwa hapa angeitisha mashahidi. Nimepiga koti pasi, limeungua kidogo nyuma lakini nyuma hakuna mtu anaangalia. Kesho usimwite kijana wa mkokoteni. Sanduku nitabeba mimi. Na sitaishia kwa geti, wala kwa barabara. Nitapanda gari na wewe mpaka Emali, nikuone ukiingia la Loitokitok, nisimame hapo mpaka litoweke, halafu nirudi pole pole. Utasema, "Baba, si lazima, goti lako." Nitakuwa sijasikia. Utasema nauli. Nitakuwa sijasikia. Hata ukinuna njia yote, nitakaa kando yako na kununa pia, hiyo kazi nikiwa na wewe hainishindi.

Nasikia mbwa wa Baba Njeri anabweka, nafikiri ni wewe unakuja. Kuku nilinunua mwenyewe na nimempika mwenyewe. Ugali umeshika chini, lakini juu uko sawa. Ingia tule.

Mimi baba yako.